Uanaume wa Mabega, Folio ya Kumi na Saba

Jumatatu, 8 Julai

Naandika kwa sababu leo nimetia saini chini ya maneno ninayojua si ya kweli, na sina mtu ninayeweza kumweleza bila kupoteza kitu. Nikiyaweka hapa kwa utaratibu, huenda nikaona njia.

Nimefika ofisini saa moja na nusu, kama kila siku. Nimefagia. Nimefungua madirisha. Nimepanga majalada ya vikundi vya akina mama. Huu ni mwezi wangu wa tisa wa kujitolea katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata. Shahada ya sosholojia, daraja la pili la juu. Mshahara hakuna. Kuna matumaini ya nafasi moja ya mkataba, na mwenye kupendekeza jina ni Bi. Kalunde, mkuu wangu.

Saa tatu ameniita. Mkononi alikuwa na karatasi zangu nne. Nimezitambua kwa kichwa cha habari: "Uanaume wa Mabega: Tathmini ya Awali ya Tabia za Vijana wa Drili."

Ule si utafiti. Ni utani. Binamu yangu Shija, mtoto wa mjomba, ana kundi la muziki wa drili, ule wa mdundo mzito na maneno ya vitisho, liitwalo Vumbi Jekundu. Wako wanne, wote waendesha bodaboda. Mwezi uliopita aliniimba ubeti mzima: msomi anayefagia ofisi ya watu kwa kutumia shahada. Kijiwe kizima kilicheka. Mimi siwezi kuimba. Nikamjibu kwa silaha ninayoijua: makala ya kitaaluma yenye ikisiri, nadharia, jedwali na marejeo ya kubuni, yote kwa ajili ya kumcheka yeye. Ijumaa nilichapa nakala mbili ofisini baada ya kazi. Moja nilimpelekea. Wakasomeana kwa sauti, mmoja akacheka mpaka akakaa chini. Nyingine niliisahau kwenye mashine.

Bi. Kalunde amesema hajawahi kupokea kazi nzito namna ile kutoka kwa kijana wa kujitolea. "Mwanangu, mbona ulikuwa unaficha kipaji?" Kisha amenipa kalamu nitie saini, ili iende kwenye kamati ya kata.

Nafasi ya kusema ilikuwepo. Nimesema, "Ahsante, Madam."


Jumanne, 9 Julai

Nimeisoma upya, kama mtu asiyenijua. Hatari yake ni kwamba imeandikwa vizuri.

Sehemu ya matokeo inaeleza kwamba kijana wa drili huinua mabega kwa kipimo cha vidole vitatu apitapo mbele ya saluni ya wasichana, vidole viwili mbele ya kijiwe cha wapinzani, na huyashusha kabisa mbele ya mama yake mzazi. Jedwali lipo. Sehemu ya nadharia inajadili kofia ya kuziba uso, ambayo, kwa maelezo yangu, huvaliwa ili shangazi asimtambue mvaaji na kumtuma dukani. Pendekezo la mwisho ni kwamba kila msanii apimwe mabega na fundi cherehani kabla ya kupewa kibali cha kupanda jukwaani.

Nilipoandika sentensi hiyo nilicheka peke yangu chumbani. Leo nimeiona kwenye ajenda ya kikao cha Ijumaa. Ajenda ya nne: kujadili vigezo vya tabia kwa wasanii vijana, kwa mujibu wa tathmini ya mtaalamu. Ajenda ya tano: ombi la kibali cha tamasha la Vumbi Jekundu, Jumamosi, ukumbi wa Majengo.

Mpangilio huo haukuja wenyewe. Bi. Kalunde ameniambia waziwazi kwamba nyimbo za vijana hawa zimejaa maneno ya kukata na kuzika watu, na kwamba kamati ilikuwa inatafuta sababu ya kitaalamu ya kuwanyima kibali. Sasa imepatikana. Si mama mbaya. Anaogopa. Ana mtoto wa kidato cha tatu anayezikariri nyimbo hizo mezani.

Ameongeza kwamba barua ya kupendekeza jina langu ameanza kuiandaa.

Jioni nimemwambia mama kwamba nimesifiwa ofisini. Amepika wali na kuku, katikati ya wiki. Nimejisikia vizuri sana. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.


Jumatano, 10 Julai

Mwese, kule milimani. Nimetumwa kupeleka fomu za vikundi. Bodaboda aliyekuwa tayari kupanda kule ni mmoja tu. Shija.

Tumeondoka kukiwa na baridi inayouma masikio. Baada ya kuiacha lami likaanza vumbi, lile jekundu la Julai linaloingia hadi kwenye meno. Nilikohoa mpaka Shija akasimamisha pikipiki. Akavua kofia yake ya kuziba uso, akanipa.

"Vaa, binamu. Ukifika unakohoa hivyo, akina mama watasema serikali ina kifua kikuu."

Yeye akajifunga shati mdomoni. Nimevaa. Ilikuwa na joto, na hewa ilipita safi. Njiani tumepishana na bodaboda kadhaa, wote wameziba nyuso kwa kofia za namna ileile. Ndiyo sababu yake. Hakuna nyingine. Nimeandika ukurasa mzima wa nadharia juu ya kitambaa hicho bila kumuuliza hata mtu mmoja, na mvaaji ni ndugu yangu.

Baada ya kukabidhi fomu, mlimani tulipumzika tukila viazi vya kuchemsha. Hapo ameniambia jambo ambalo sikulijua. Mjomba atakuja Jumamosi.

Lazima nieleze uzito wake. Mjomba alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini kabla sisi hatujazaliwa, na kwake mwanaume ni yule ambaye ng'ombe wanamfuata bila kuchapwa. Shija alipoacha kuchunga akaja mjini, mjomba alisema mwanaume anayeimba ni ndege. Miaka miwili sasa, wakikutana wanasalimiana tu. Sasa amekubali kuja kusikiliza. Mara moja. Ng'ombe atamwachia jirani, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata Krismasi.

"Akikuta mlango wa ukumbi umefungwa, harudi tena, binamu. Si unamjua?"

Namjua. Nilifungua kinywa mara mbili. Mara ya kwanza nikaomba chumvi. Mara ya pili nikasema turudi, mvua isije. Julai, Mpanda, katikati ya kiangazi. Shija aliangalia mbingu, akaniangalia mimi, akawasha pikipiki.


Alhamisi, 11 Julai

Asubuhi nimekwenda masjala. Nilikusudia kuazima jalada, kuzinyofoa karatasi nne, na kulirudisha. Naliandika kusudi hilo kama lilivyo.

Karani wa masjala, Mama Siwema, amelifungua mbele yangu bila kulitoa mkononi mwake. Juu ya ukurasa wa kwanza amezungushia duara namba ya folio: kumi na saba.

"Kitu kikishapewa folio, baba, hata mkurugenzi hakitoi."

"Kama kiliingia kwa makosa, Mama?"

"Hapo utaandika folio nyingine kusema kwamba hiyo ni makosa. Inakaa nyuma yake. Ndiyo kazi ya jalada. Makosa hayatoki, yanajibiwa."

Kisha ameniuliza kama ni kweli kwamba mabega ya mwanaye yanaweza kupimwa bure.

Nimekwenda mpaka mlangoni kwa Bi. Kalunde. Alikuwa kwenye simu, anamweleza mtu habari za "kijana wangu wa sosholojia". Nimesubiri amalize. Amemaliza, amenitabasamia, ameniuliza kama shati la kesho liko tayari. Nimesema liko tayari. Nimetoka. Mimi ni mwoga. Nilipima uanaume wa watu wengine kwa vidole, na wangu haufiki hata mlango wa ofisi.

Saa kumi jioni nimekwenda kijiweni Misunkumilo na kumweleza Shija kila kitu. Saini, ajenda ya nne, ajenda ya tano. Nilitegemea atanitukana. Utani wetu tangu utotoni ni matusi, na kwetu binamu hana haki ya kukasirika.

Hakutukana. Aliuliza swali moja.

"Ile karatasi tuliyocheka?"

"Ile ile."

Yule mkubwa kuliko wote, wanayemwita Kifaru, akazima redio.

"Binamu," Shija akasema, "mimi nimekuimba, wewe umeniandika. Hapo tuko sawa. Utani ni wangu na wako. Wewe umeupeleka serikalini, ukaugongea muhuri."

Akaja abiria. Shija akampakia, akaondoka. Kifaru akaniambia, si kwa ubaya, "Msomi, nenda nyumbani tu."

Nilirudi kwa miguu. Mama aliuliza kama naumwa. Nimesema hapana. Sikula.

Kesho saa nne. Nikisema, jina langu linatoka kwenye mkataba. Nisiposema, mjomba anageuza mlangoni. Nimeliandika hivyo ili nisijidanganye kwamba kuna njia ya tatu.


Ijumaa, 12 Julai

Nimesema. Kila kitu kingine ni maelezo, lakini nitayaandika kwa mpangilio.

Kikao kilianza saa nne na robo. Wajumbe kumi na wawili. Mwenyekiti ni diwani wetu, mama wa makamo mwenye sauti nzito, anayesikiliza huku miwani iko juu ya kichwa. Ajenda tatu za kwanza zilikwenda haraka: choo cha shule, daraja la miguu, mbuzi wanaozurura. Kisha Bi. Kalunde akasimama akanitambulisha. Alitumia neno "mtafiti" mara tatu. Mimi nilisimama, nikasoma kichwa cha makala, na nikasita.

Niliposita, wajumbe wakadhani nawapa nafasi ya maswali.

Mjumbe mmoja, mfanyabiashara wa mchele, aliuliza kama fundi cherehani atakayepima mabega atatoka ndani ya kata au itatangazwa zabuni. Mjumbe wa kanisa aliuliza wasichana wanaoimba watapimwa na nani, kwa kuzingatia maadili. Mwingine alitaka ijulikane kama mtu aliyezaliwa na mabega ya juu, kwa mfano shemeji yake, atahesabiwa kuwa na kosa. Hawakuwa wanatania. Walikuwa watu wazima wanaofanya kazi yao kwa makini, juu ya karatasi niliyowapa.

Nikaona kalamu ya katibu inaandika neno "zabuni". Hapo nimeshindwa kuendelea.

Nimesema: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba radhi kwako, kwa wajumbe, na kwa Madam. Huu si utafiti. Niliuandika kumtania binamu yangu. Uliingia kwenye jalada kwa uzembe wangu, na nilitia saini kwa sababu nilisifiwa. Hakuna mtu niliyempima. Hakuna niliyemuuliza swali."

Sikumtazama Bi. Kalunde. Nilitazama meza.

Mwenyekiti alishusha miwani.

"Binamu wa upande gani?"

"Mtoto wa mjomba, mheshimiwa."

"Mjomba wa kuzaliwa? Kaka yake mama yako?"

"Tumbo moja, mheshimiwa."

"Na yeye alianza au wewe ulianza?"

"Alianza yeye. Aliniimba kwamba nafagia kwa shahada."

Mtu wa mchele akacheka puani. Akajizuia. Akashindwa. Mwenyekiti akamgeukia kwa utulivu wa mtu anayeendesha ajenda.

"Nyie wajumbe, nani hapa aliwahi kupeleka utani wa binamu barazani?"

"Mimi ningepeleka wa kwangu, mheshimiwa," alisema mtu wa mchele, "jalada lingejaa kabla ya saa sita. Binamu yangu ana hodi yake moja, akifika kwangu anauliza kama nimeshakufa."

Kikao kizima kikaangua kicheko. Hata katibu. Kwa nadharia zote nilizosoma miaka mitatu, sikuwa nimefikiri jambo hilo dogo: kwamba watu hawa wote ni watani wa mtu fulani. Wanajua maneno hayo ni ya nani na yanaishia wapi. Niliogopa kuwaeleza kitu wanachokifahamu kuliko mimi.

Lakini mwenyekiti hakuniachia. Alipotulia aliniuliza, bila kucheka, kuhusu maneno ya kukata na kuzika katika nyimbo. Ni utani nayo, au ni vitisho? Nilihisi sentensi nzuri inakuja, ndefu, yenye "kwa upande mmoja". Nikaiacha.

"Sijui, mheshimiwa. Sijawauliza."

Aliandika kitu. Kisha akatoa uamuzi: pendekezo la fundi lifutwe. Kibali kitolewe, tamasha liishe saa kumi na mbili jioni, mjumbe wa mtaa ahudhurie. Na mimi nilete ripoti ya kweli kabla ya kikao kijacho, itakayokaa kwenye jalada nyuma ya ile ya uongo. Akamalizia: "Kijana amemtania binamu yake, hilo ni lao. Waliotaka kutangaza zabuni ya kupima mabega ni sisi. Ajenda ya sita."

Bi. Kalunde alinisubiri kwenye korido, nje ya chumba cha kikao.

"Siku tano, Festo. Kila asubuhi unaniamkia shikamoo, unafagia chini ya miguu yangu."

Nilimwomba radhi tena.

"Jina lako nimelitoa kwenye barua. Lete kwanza kazi ya kweli. Tutaona." Akaenda hatua mbili, akarudi. "Na mimi niliisoma mara mbili. Mara mbili, na sikucheka. Hilo ndilo linaloniuma."

Ninamheshimu zaidi leo kuliko Jumatatu.

Nimetoka nje. Jua la saa saba. Mkataba hakuna. Nimegundua nina njaa kali, nimekula chapati nne na maharage kwa mama ntilie, nikamaliza nikaagiza ya tano. Kisha nimempigia Shija. Nimemwambia kibali kimetoka, nimemsimulia na habari ya zabuni. Halafu nikasikia akimwambia Kifaru, "Eti shemeji yake ana mabega ya kuzaliwa," na simu ikakatika kwa vicheko.

Sijalala vizuri tangu Jumapili. Sasa ni saa mbili usiku na macho yanajifumba.


Jumamosi, 13 Julai

Mjomba amekuja. Amevaa koti lake la harusi na kushika fimbo. Amekaa mstari wa mbele, kati ya wasichana wawili waliokuwa wanapiga picha, akinyooka kama yuko mahakamani. Mama yangu alikaa nyuma yake ili, kwa maneno yake, kaka akitaka kutoroka amshike koti.

Vumbi Jekundu wamepanda saa tisa. Mdundo ule unapiga kifuani. Mjomba hakutikisika. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu: yale yale ya kukata na kuzika. Niliandika maneno yote kwenye daftari, safari hii bila kuongeza yangu.

Katika wimbo wa nne Shija amebadilisha. Mdundo uleule mzito, sauti ileile ya ukali, lakini alikuwa anataja ng'ombe. Ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja, kwa rangi na pembe na tabia: huyu anayepiga teke, huyu aliyepotea masika na kurudi mwenyewe, huyu aliyekufa. Vijana walikuwa wanapiga kelele kila jina likitajwa, kama wanataja mabondia.

Ulipokwisha mjomba akasimama. Ukumbi ukanyamaza, maana alikuwa na fimbo.

"Ng'ombe wa nne umemkosea," alisema. "Yule hakuwa mweusi mtupu. Alikuwa na doa hapa." Akagusa ubavu wake mwenyewe.

Shija alivua kofia usoni. Alikuwa anatoka jasho. "Ndiyo, baba. Nitarekebisha."

"Rekebisha."

Akakaa. Hakupiga makofi. Lakini kabla ya kuondoka aliuliza wataimba tena lini, kwa sababu jirani aliyemwachia ng'ombe si mtu wa kushtukizwa. Mama alilia. Mimi nilikwenda kusaidia kubeba spika.

Nisisahau: mimi pia nimeimbwa. Ubeti mpya, wa zabuni na fundi. Watu wote wamenicheka, na mjumbe wa mtaa akasimama ili anione vizuri. Ni haki yake Shija na ameitumia yote. Sijui kama amenisamehe. Binamu hasamehi, anaendelea kutania, na nadhani hilo linatosha.


Jumapili, 14 Julai

Kanisani, kisha nyumbani. Nimefua. Nimenyoosha lile shati.

Mchana nimekaa na karatasi tupu kuandaa maswali ya ripoti. Niliandika kumi na matano. Nimeyasoma tena na kuyakata yale niliyokuwa nayajua majibu yake kabla ya kuuliza. Yamebaki manne. Moja ni hili: wanapoimba kwamba watamzika mtu, ni nani hasa wanayemwona. Sina hata dhana. Hilo limenipa utulivu ambao sikuutarajia.

Mama amepita nyuma yangu na beseni, ameniuliza kama kazi hii ina mshahara. Nimesema bado. Amesema basi angalau nikae kivulini.

Ujumbe wa Shija umeingia saa kumi na moja. Wamekubali kuhojiwa, wote wanne, ila nisivae tai. Jumanne, saa nne asubuhi, kijiweni Misunkumilo.